Usiniulize chuo kwanza, niambie unataka kumfundisha nani

Wengi mmenitumia meseji kwamba mlishindwa kufika Jumamosi pale Uyole, nilipoongea na vijana wanaofikiria ualimu na wazazi wao, kwa ajili ya mvua, na wengine mko mbali, Njombe huko na Iringa. Nimeandika kama nilivyoongea, mambo ya kwenye projekta nimeyaacha na pale umeme ulipokatika tukasubiri napo nimeruka. Mnisamehe kwa maandishi yangu, mimi nimezoea ubao.

Wazazi wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo? Hamjambo jamani, mbona sauti zimelala, hii baridi siyo ya kwanza Mbeya! Wale wa Tukuyu ugonile, wale wa Iringa na Njombe kamwene. Haya, sasa mmeamka.

Nimeambiwa niongee na vijana wanaofikiria ualimu. Na tangu niingie hapo mlangoni nimeshaulizwa swali moja na watu kama sita hivi, wazazi kwa watoto: madam, chuo gani kizuri? Madam, Mkwawa au Dar? Madam, huyu apelekwe Tukuyu au Kleruu? Yaani hata chai sijanywa. Sasa nikuulize na mimi, wewe ukifika stendi kuu pale Mbeya, wapiga debe wakakuzunguka, unaanza kuuliza basi gani zuri kabla hujasema unaenda Tunduma au Sumbawanga au Iringa? Watakupakia tu! Na ndiyo wanavyopakiwa watoto wetu kila mwaka, anapakiwa kozi hajui inashuka wapi.

Kwa hiyo leo chuo nitakiongelea, lakini mwishoni. Mwishoni kabisa. Kwanza ingia darasani. Halafu jua unafundisha nini na unamfundisha nani. Halafu ndo tuongee chuo.

Tuanze na kuingia darasani. Fomu siksi mnamaliza mtihani mwezi wa tano, matokeo yanatoka mwezi wa saba, vyuo vikuu vinafungua mwezi wa kumi na kuendelea. Katikati hapo mnafanya nini? Mnalala. Mnalala na simu. (Wazazi mnacheka, mnawajua.) Sasa huo ndo muda wako wa kujua kama hii kazi unaiweza, na haulipii hata shilingi.

Alikuja kijana kwangu, amesoma HGK, yaani historia, jiografia na Kiswahili, mrefu, anaongea vizuri, anasema madam nataka ualimu. Nikamuuliza kufundisha nini, akasema chochote tu kinacholipa. Sikumgombeza. Nikaongea na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani na kwao huko Mbarali, kijana akaandika barua ya kujitolea, kijiji kikaridhia, akapewa asaidie darasa la pili. Darasa la pili! Mtu ana fomu siksi yake kichwani, anajua historia ya dunia nzima.

Siku hiyo wanafanya kujumlisha kwa kubeba. Akaandika ubaoni ishirini na saba kujumlisha kumi na tano, akaeleza vizuri kabisa, akatoa zoezi. Anapita kusahihisha, mtoto wa kwanza kaandika 312. Wa pili 312. Wa tatu 312. Dawati zima! Mnaona walichofanya? Saba na tano kumi na mbili, wakaiandika yote, halafu mbili na moja tatu wakaiweka mbele. Wale watoto hawakuwa wajinga, walifanya kile walichokisikia. Kijana akafuta ubao akaeleza tena vilevile ila kwa sauti kubwa zaidi. Wakapata tena 312. Sisi walimu tunaijua hiyo, ukishindwa unapandisha sauti!

Mwalimu mwenye darasa, mama mmoja mtu mzima, akasimama taratibu akatoa kwenye kabati kopo la vijiti, vile vya mabua wanavyokata wenyewe. Akamwita mtoto mmoja mbele, hesabu saba, hesabu tano, weka pamoja, vikifika kumi funga na uzi. Mtoto akafunga. Sasa kile kifungu kiende kukaa na wenzake wa makumi. Ubao haukuguswa. Walivyorudi kwenye madaftari nusu ya darasa wakapata 42, na waliobaki wakaitwa mmojammoja kwenye vijiti.

Yule kijana alinipigia jioni akaniambia, madam, mimi kumbe kujumlisha nilikuwa nakujua kwa mkono tu. Na akaniambia anataka kujua yule mama alijuaje kwamba shida iko kwenye makumi. Hapo ndo nikajua nimepata mwalimu, kwa sababu mtu mwingine angeniambia wale watoto ni vilaza. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi, amesoma diploma, na hakuna aliyemlazimisha kwenda msingi, alichagua mwenyewe.

Na yupo binti naye nilimpeleka hivyohivyo, akakaa wiki, akarudi akasema madam kelele siziwezi, kichwa kinauma, sitaki. Nikamwambia hongera sana. Anasoma uhasibu sasa hivi na anafurahi. Wiki moja imemwokolea miaka mitatu na mkopo. Kwani kuna ubaya gani?

Kabla sijatoka hapo, wazazi, naomba niwaseme kidogo. Mtanisamehe. Kuna neno tunalisema majumbani, mtoto akipata alama mbovu tunamwambia "basi nenda hata ualimu". HATA ualimu. Daktari tunamchagulia mtoto mwenye akili, injinia mtoto mwenye akili, halafu atakayewafundisha wajukuu zetu kusoma tunamchagua kwenye waliobaki. Halafu mwaka ujao tunalalamika shule ya kata haifaulishi. Unataka ifaulishe na nani? Na mwenyewe ukimpeleka mtoto kwa hasira hivyo, ataenda kufundisha kwa hasira, na anayeilipa hiyo hasira ni mtoto wa mtu mwingine kule Chunya aliyekaa dawati la mwisho. Mimi nimekaa na walimu wa hivyo staff room. Yupo yupo tu, akisikia kengele anaguna.

Haya, nimemaliza kusema. Tuendelee.

La pili ni somo, na hapa nataka mnisikilize vizuri maana hapa ndo pana ajira. Zamani si mbali sana, ulikuwa unamaliza chuo, unakaa miezi, majina yanatoka, unaona umepangwa halmashauri fulani, unafunga godoro unaenda. Wazazi wengi bado wanaishi kwenye hiyo zamani. Sasa hivi siyo hivyo. Sasa hivi unaomba kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, kama watu wa kada nyingine na unaitwa kwenye usaili, unafanya mtihani, unashindanishwa na watu waliomaliza miaka mingi kabla yako ambao bado wako mtaani. Mnasikia? Cheti kinakupa nafasi ya kushindana tu.

Na kwenye kushindana huko masomo hayako sawa. Mwenye hesabu, fizikia, wenzake wachache. Mwenye historia na Kiswahili, wenzake ni uwanja wa Sokoine umejaa. Ndo ukweli, na mimi mwenyewe ni mtu wa Kiswahili naupenda mpaka kesho.

Nina wadogo zangu wawili wa ukoo, mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa shangazi, walimaliza digrii ya elimu karibu pamoja. Mmoja historia na Kiswahili, mwingine hesabu na jiografia. Wa hesabu kabla hata hajapata ajira ya serikali shule binafsi zilikuwa zinampigia simu, halafu serikali ikamchukua. Wa historia amekaa sana nyumbani, na leo anaendesha bajaji, ukipanda Kabwe kwenda Mwanjelwa unaweza ukapanda ya kwake. Naomba msimcheke. Jioni anapaki bajaji anafundisha tuisheni ya fomu foo sebuleni kwao na watoto wake wanafaulu kuliko wa kwangu mimi mwenye mshahara. Huyo ni mwalimu hasa. Ila nchi ilishakuwa na wengi wa somo lake na hakuna mtu aliyemwambia wakati anajaza fomu.

Sasa msinielewe vibaya, sijasema kila mtu akimbilie fizikia. Kama fizikia ulipata F ukaenda kuifundisha tutapata F nyingine arobaini. Nasema tumia akili kwenye lile somo la pili. Unapenda jiografia? Iambatanishe na hesabu kama unaziweza. Unapenda lugha? Kiingereza chako kikiwa kizuri kweli, siyo cha kubabaisha, shule binafsi zinakitafuta mno.

Na kuna milango ambayo hamuigongi kabisa. Mtaala mpya umeanza 2024, unatokana na ile Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, na ndani yake sekondari ina mkondo wa amali. Kilimo, ushonaji, umeme, useremala, mapishi. Nani atafundisha hayo? Nani? Huku kwetu kwenye viazi na parachichi na chai, mtoto wa mkulima anayekijua kilimo kwa mikono anakimbilia kusoma historia! Kuna chuo cha ualimu wa ufundi stadi Morogoro, kinatengeneza walimu wa VETA, wangapi hapa mnakijua? Mikono. Mmoja, wawili. Mmeona? Kuna elimu maalum, kufundisha watoto wasioona, wasiosikia, wenye ulemavu wa akili, Chuo cha Patandi kule Arusha kinajulikana kwa hilo miaka mingi. Kuna elimu ya awali, wale wadogo kabisa ambao kwa utaratibu mwalimu mmoja anatakiwa awe na watoto 25, nenda kaangalie shule ya karibu na kwako kama wako 25.

Kuna mtu ataniuliza mishahara. Najua mnaogopa kuuliza. Kwa serikali ngazi zinaitwa TGTS, wa cheti anaanzia B, wa diploma C, wa digrii D, na kila moja inapanda kwa hatua zake. Huwi tajiri. Lakini ukisikia mwalimu anasema mshahara hautoshi muulize pia mikopo mingapi anakatwa, hiyo nayo ni semina ya siku nyingine, tuiache.

Sasa chuo. Mmesubiri mmechoka, haya.

Huku kwetu tumejaliwa, hatuna haja ya kudhani elimu iko Dar peke yake. Iringa kuna Mkwawa, ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wazee hapa wanaikumbuka ikiwa sekondari, imegeuzwa chuo kikuu kishiriki cha elimu 2005. Iringa hiyohiyo kuna Kleruu, chuo cha ualimu cha serikali, na vijana mnaolisoma hilo jina kwenye fomu mjue ni la mtu, Dokta Klerruu alikuwa mkuu wa mkoa wa Iringa akauawa Ismani siku ya Krismasi 1971. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa na kuna Ruaha kwa Wakatoliki. Mbeya kuna TEKU, Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, kuna cha Wakatoliki pia. Rungwe kuna Tukuyu na kuna Mpuguso, vyuo vya ualimu vya serikali. Songea kuna chuo cha ualimu pia. Siwezi kuwaambia kipi ni kizuri kuliko kipi, na anayewaambia hivyo mwangalieni vizuri huenda analipwa kwa kila kichwa.

Mimi nawapa maswali ya kwenda nayo. La kwanza, je kozi hii, siyo chuo tu, KOZI HII, imeidhinishwa? Digrii unaangalia kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kinatoka kila mwaka na ni bure kwenye mtandao. Cheti na diploma unaangalia NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kuna mzazi mmoja kutoka upande wa Umalila aliuza viazi gunia kwa gunia akampeleka binti yake chuo fulani cha watu binafsi, sitakitaja. Chuo kipo, jengo lipo, geti lipo na mlinzi, uniform wamevaa. Ila ile kozi aliyosoma haikuwa na kibali. Mwaka mzima umepita ndo wanaambiwa mhamie kozi nyingine au muondoke. Na ada yote alikuwa anatuma kwenye namba ya simu ya mtu, eti mhasibu. Wazazi, chuo cha serikali unalipa kwa control number. Ukiambiwa tuma kwenye namba hii ya dada wa ofisini, ondoka. Usiage.

Swali lingine, na hili hamliulizi kabisa: BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, ni wiki ngapi, na msimamizi anakuja mara ngapi? Ukifika chuo mpigie simu mwanafunzi wa mwaka wa pili, usimuulize mkuu wa chuo, muulize huyo mwanafunzi. Walikupeleka shule lini? Msimamizi alikaa darasani kipindi kizima au alisaini andalio la somo akiwa amesimama mlangoni akaondoka na gari? Mimi ninapokea walimu wa mazoezi shuleni kwangu kila mwaka, na nakuambia ndani ya siku mbili najua huyu chuo chake kilimfundisha na huyu alipewa noti tu. Wa kwanza anakuja na azimio la kazi na anaomba kuona madaftari ya watoto kabla hajafundisha. Wa pili anaomba nimpe noti zangu.

Na gharama. Msiangalie ada peke yake. Godoro, kodi ya chumba, chakula, nauli ya kwenda BTP, kuprinti, kuprinti ndo kunawamaliza. Digrii kuna mkopo wa Bodi ya Mikopo, unaomba mtandaoni na unahitaji nyaraka, cheti cha kuzaliwa kwanza, kwa hiyo wazazi ambao watoto hawana vyeti vya kuzaliwa anzeni Jumatatu RITA, msisubiri dirisha lifunguliwe. Na mkopo siyo zawadi, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Mwambie mtoto hilo akiwa bado hajasaini.

Wa mwisho huyu niwape halafu tuingie maswali. Kijana wa mjini hapa, amezaliwa Soweto, ajira ya kwanza kapangwa Ludewa, mwambao, vile vijiji vya ziwani ambako unaenda kwa boti. Mama yake alilia kama msiba. Kijana alinipigia wiki ya kwanza anasema madam narudi, hakuna mtandao mpaka upande mlimani, boksi la chaki limelowa kwenye boti, na nyumba nakaa na mwalimu mwenzangu sijawahi kumwona maishani. Nikamwambia rudi, lakini rudi baada ya mtihani wa muhula. Bado yuko kule. Ana bustani ya mihogo na ameoa hukohuko, mama yake sasa anatumiwa samaki, halii tena. Lakini nataka mjue kwamba wenzake wawili waliripoti wakaondoka, na siwalaumu, tena mmoja wao hakuwa na shida na kijiji, pesa ya kujikimu ndo ilichelewa akaishiwa. Mnapojaza fomu jaza ukijua huko kupo. Ukisema nitafundisha lakini mjini tu, wewe tafuta shule binafsi tangu mapema na uandae Kiingereza.

Haya maswali. Mama kule nyuma mwenye kitenge cha bluu, simama tukuone.

(Akauliza: mwanawe amemaliza fomu foo, amepata division four ya pointi 27, anapenda ualimu kutoka moyoni, na kuna mtu amemwambia atamwingiza chuo kwa laki tatu.)

Mama, asante kwa kusema ukweli mbele za watu. Huyo mtu wa laki tatu mwambie hapana, leo hii, mbele ya kijana. Ualimu kwa fomu foo wanataka division one mpaka three, four hapana, na akiingizwa kwa mlango wa nyuma atakuja kutolewa kwenye uhakiki wa vyeti, mnakumbuka 2017 watumishi karibu elfu kumi walivyotajwa? Kijana una njia mbili. Moja, rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, siyo lazima masomo yote, chukua yale uliyokaribia, na 27 siyo mbali na 25. Nyingine, kama una mikono, nenda VETA ujifunze fani uiive kweli, wapo waliopita huko wakaja kuwa walimu wa ufundi. Ila kwanza nataka nijue anapenda kufundisha nini. Yupo hapa? Yule pale? Njoo mwanangu, usiogope. Kaa hapa mbele, na Jumatatu uje shuleni kwangu saa mbili na karatasi ya matokeo yenyewe, siyo ya kusimulia. Kuna fomu wani wanahangaika na hesabu za sehemu, utanisaidia kusahihisha.

Mwingine? Baba mwenye kofia.